Clark Alifunga 18, South Carolina Hawakushtuka

Aprili 7, 2024, mjini Cleveland. Fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani ndiyo kwanza imeanza, na ubao unasoma Iowa 10, South Carolina 0. Caitlin Clark wa Iowa anapiga kutoka mbali, anaingia kati ya walinzi, anapiga tena. Robo ya kwanza inapoisha ana pointi 18 peke yake. Katika fainali hizi hakuna mwingine aliyewahi kufunga kiasi hicho ndani ya robo moja.

Ubao: 27-20.

Tofauti ya pointi saba tu.

Wiki kadhaa sasa hiyo saba haitoki kichwani mwangu. Mchezaji aliyefunga pointi nyingi kuliko yeyote katika historia ya daraja la kwanza la vyuo, wanaume na wanawake, anacheza robo bora ya maisha yake kwenye mchezo mkubwa kuliko yote, na wapinzani wako saba nyuma. Mchezo uliisha 87-75 kwa South Carolina. Walimaliza msimu na ushindi 38 bila kupoteza hata mmoja.

Ukiitoa ile 10-0 ya mwanzo, sehemu iliyobaki ya robo hiyo South Carolina waliishinda 20-17. Waliishinda Clark akiwa anawaka moto, macho ya Marekani nzima yakiwa kwake. Na katika robo tatu zilizofuata Clark alipata pointi 12 tu.

## Kamera hufuata mpira

Timu ina sekunde 30 za kushambulia. Katika sekunde hizo mtu mmoja ndiye mwenye mpira, na tisa hawana. Kamera ya televisheni inamfuata huyo mmoja, watangazaji wanamzungumzia huyo mmoja, na vipande vinavyosambaa simuni baada ya mchezo ni vya huyo mmoja.

Katika mchezo wa wanawake, hali hiyo inakuficha mambo mengi kuliko katika ule wa wanaume. Ringi iko mita 3.05 kwa wote. Danki, yaani kuusukumiza mpira ringini kwa mkono kutoka juu, ni nadra, kwa hiyo ni mara chache mchezaji ataliokoa shambulizi lililoharibika kwa kuruka juu ya kila mtu. Shambulizi lazima lijengwe: nani amemwekea nani skrini (kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzako apate nafasi), nani amekata kuelekea ringini sekunde moja kabla, nani amesimama kona akamzuia mlinzi wake asiende kusaidia. Ukitazama mpira peke yake utaona mwisho wa sentensi bila mwanzo wake.

Njia ninayoiamini ni rahisi. Katika robo ya kwanza mchague mchezaji mmoja asiye nyota, ikiwezekana senta, yule mrefu wa chini ya ringi, na umtazame yeye tu kwa mashambulizi manne au matano mfululizo. Mpira uache. Utaona anakimbia kiasi gani bila kupewa, anagusa mwili wa nani, na mlinzi wake anachoka lini. Baada ya hapo rudi kwenye mpira. Pasi zilizoonekana za bahati zitaanza kuwa na sababu.

## Ribaundi ni kazi ya miguu

Ribaundi ni mpira unaodakwa baada ya shuti kukosa. Fainali ile South Carolina walichukua ribaundi 51. Iowa 29.

Kamilla Cardoso, senta Mbrazili mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alichukua 17 na kufunga pointi 15. Wengi wakasema "ni mrefu", wakaishia hapo. Urefu unasaidia, sikatai. Ila mtazame Cardoso shuti linapotoka mkononi mwa mpigaji. Kwanza hatazami mpira, anamtafuta mtu. Anamgusa kwa mkono wa mbele, anageuka, anashusha makalio, anapanua miguu na kumweka mpinzani mgongoni. Ndipo anainua macho. Ni kama abiria aliyesimama mlangoni mwa daladala: hakusukumi, lakini hupiti.

Wanaokosa ribaundi hukosea mahali pale pale. Shuti linapopigwa wanageuza shingo kufuata mpira na kusimama wima. Hiyo nusu sekunde inatosha kwa mpinzani kupita ndani.

Kuna jambo jingine ambalo makocha hulifundisha na watazamaji hulisahau. Shuti linalokosa kutoka kona mara nyingi huangukia upande wa pili wa ringi, na shuti la mbali hudunda mbali. Tangu msimu wa 2021-22 mstari wa pointi tatu wa wanawake uko mita 6.75, ule ule wa mashindano ya kimataifa. Kabla ya hapo ulikuwa kama mita 6.32. Timu inayopiga kwa wingi kutoka nje, kama Iowa ile, hutoa mipira mingi inayodunda mbali. Clark peke yake alipiga mashuti 28 siku hiyo akaingiza 10. Mipira 18 ilirudi hewani, na chini yake alikuwepo Cardoso na wenzake.

Angalia pia nani yuko kwenye benchi. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa hawakufunga hata moja. Pointi zote 75 zilitoka kwa wale watano walioanza, na mtu aliyekimbia karibu mchezo mzima haumizwi mikono kwanza, anaumizwa miguu. Shuti lake linaanza kuwa fupi. Linagonga ringi kwa mbele. Ukiona mpigaji mzuri anagonga mbele mara mbili au tatu mfululizo, usiseme amepoteza bahati. Magoti yamekwisha. Iowa walipunguza pengo hadi 80-75 zikiwa zimebaki dakika nne na ushei, halafu hawakufunga tena.

Tessa Johnson, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeingia kutoka benchi, alimaliza na pointi 19, nyingi kuliko mwenzake yeyote wa South Carolina. Sijaona picha nyingi zake katika kumbukumbu za fainali ile.

## Dallas inaniharibia hoja

Hapa ndipo nilipokwama.

Kama ribaundi ndiyo siri, vipi kuhusu 2023? Nusu fainali mjini Dallas, timu zile zile mbili. South Carolina walikuja na ushindi 42 mfululizo wakichanganya misimu miwili. Walichukua ribaundi 49 dhidi ya 25 za Iowa, karibu mara mbili. Wakafungwa 77-73. Clark alifunga 41.

Mwaka mmoja kabla, 2022 mjini Minneapolis, South Carolina walikuwa wamechukua 49 dhidi ya 24 za UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) katika fainali na wakashinda 64-49. Hesabu karibu ile ile, matokeo kinyume.

Kilichonifungua macho ni mahali walinzi wa Iowa waliposimama. Mjini Dallas waliwaacha wachezaji wa nje wa South Carolina wasioaminika kwa mashuti ya mbali. Raven Johnson, mpangaji wao kijana, aliachwa peke yake juu, na Clark akamfanyia ishara ya mkono kwamba hana haja ya kumfuata. Ishara hiyo ilizunguka dunia nzima. Watu walibishana kama ni dharau au la. Wachache waliuliza ilifanya kazi gani.

Kazi yake ni hii. Mlinzi anayemwacha mtu wake juu anarudi nyuma hatua mbili tatu na kuweka mguu mmoja ndani ya eneo la chini ya ringi. Wakifanya hivyo wawili, senta mpinzani anapokea mpira akiwa kati ya miili mitatu au minne. Atachukua ribaundi ya kwanza, atachukua ya pili, lakini kila jaribio la kurudisha mpira ringini linapigwa katikati ya mikono. Ribaundi zinaongezeka kwa sababu mashuti ya karibu yanakosa. Kumbe namba niliyoisoma kuwa ya nguvu ilikuwa pia ya msongamano.

Dawa yake ni mpigaji. South Carolina walimpata Te-Hina Paopao aliyehama kutoka Oregon, mmoja wa wapigaji bora wa pointi tatu msimu wa 2023-24, na wakamsajili Tessa Johnson. Ukiwa na watu wawili wa namna hiyo pembeni, anayemwacha mtu wake analipa mara moja. Eneo la ringi likafunguka, na ribaundi 51 za Cleveland zikawa na mahali pa kwenda.

Raven Johnson naye alikuwa uwanjani Cleveland. Safari hii ndiye aliyemwandama Clark.

## Skrini iliyoamua nusu fainali

Siku mbili kabla ya fainali ya Cleveland, Iowa na UConn. Iowa wanaongoza 70-69, zimebaki sekunde 3.9, mpira ni wa UConn. Filimbi. Aaliyah Edwards wa UConn anahukumiwa faulo ya kushambulia kwa kumwekea skrini haramu Gabbie Marshall. Mpira unakwenda Iowa, mchezo unaisha 71-69, na ubishi ukachukua siku nzima.

Anayeweka skrini lazima awe amesimama kabla mwili haujagusana. Miguu yake isipanuke kupita mabega. Kiwiko kisitoke, nyonga isisukumwe, na mlinzi aliye kwenye mwendo apewe nafasi ya kusimama au kugeuza njia. Rudia kipande hicho ukitazama miguu ya Edwards na kiwiko chake, uache mpira. Mimi naona mwili wake bado unasogea Marshall anapofika. Naona pia kwamba skrini za namna hiyo zilikuwa zimepita mara kadhaa mapema katika mchezo bila filimbi, na hapo malalamiko ya mashabiki wa UConn yana uzito: mwamuzi aliyeruhusu kitu kwa dakika 39 amewafundisha wachezaji kwamba kinaruhusiwa.

Sijapata jibu linaloniridhisha. Sheria ni sheria hata sekunde ya mwisho, na bado haki inataka kipimo kimoja tangu mwanzo.

Ninalojua ni kwamba uamuzi mkubwa wa nusu fainali ile ulifanyika mahali ambapo karibu hakuna aliyekuwa anatazama.

## Faulo ya tano

Anayetoka kutazama vyuo vya wanaume hupotea hapa haraka. Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake, tangu msimu wa 2015-16, wanacheza robo nne za dakika 10, na hesabu ya faulo za timu inaanza upya kila robo. Faulo ya tano ya timu ndani ya robo inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Faulo tano za mchezaji mmoja zinamtoa.

Matokeo yake unayaona ukiweka jicho kwenye ubao. Timu yenye faulo nne zikiwa zimebaki dakika sita za robo inalazimika kulegeza mikono. Kocha mjanja analijua hilo na anaamuru mashambulizi ya kuingia ndani badala ya mashuti ya mbali. Timu yenye faulo mbili tu robo ikikaribia kuisha ina mbili zaidi za kutumia bila adhabu ya mitupo, kwa hiyo itamgusa mshambuliaji makusudi ili kuvunja mpango wake na kula sekunde. Robo ya nne ndiyo pekee yenye mkia: mchezo ukienda muda wa ziada, faulo zake zinaendelea kuhesabiwa.

Kuna sheria nyingine inayobadili dakika ya mwisho. Timu iliyopata mpira upande wake inaweza kuomba taimauti, yaani mapumziko mafupi, na kuuhamishia mpira upande wa mbele, karibu na pembeni, bila kuuvusha uwanja. Ndiyo maana kocha wa wanawake anayefika dakika ya mwisho bila taimauti hata moja amejinyima kitu kikubwa. Ukiona taimauti inaombwa kwa hasira katika robo ya pili, kumbuka gharama yake.

## Mstari wa Portland

Machi 2024, mjini Portland, timu zilicheza michezo minne ya hatua ya 16 bora kwenye sakafu ambayo mstari wa pointi tatu wa upande mmoja ulichorwa vibaya. Kwenye kilele chake ulikuwa karibu na ringi kuliko inavyotakiwa kwa kama sentimita 23. Kosa liligunduliwa kabla ya mchezo wa tano, Texas dhidi ya NC State, na makocha wote wawili wakakubali kuucheza mstari ukiwa vile vile. NC State walishinda 76-66.

Sentimita 23 kwenye mashindano ya taifa.

Mwaka 2021 mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alionyesha kwa video chumba cha mazoezi walichopewa wanawake mjini San Antonio: rafu moja ya vyuma vidogo, wakati wanaume walikuwa na ukumbi mzima. Tangu 2022 wanawake wanatumia jina lile lile la mashindano kama wanaume na wana timu 68 kama wao. Mabadiliko ni ya kweli. Lakini mstari ule unaniambia kwamba umakini wa wahusika bado haujaenea hadi sakafuni.

## Baada ya Clark

Fainali ya 2024 ilitazamwa na watu milioni 18.9 Marekani. Ya wanaume mwaka huo, milioni 14.8. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuwapita. Clark akaenda ligi ya kulipwa, na swali likawa kama watu walikuja kwa ajili ya mchezo au kwa ajili yake.

Bahati nzuri tuna kipimo kizuri. UConn na South Carolina walikutana fainali mwaka 2022, na wakakutana tena 2025. Timu zile zile, makocha wale wale, Geno Auriemma na Dawn Staley, na Clark hayupo katika fainali yoyote kati ya hizo. Ya 2022 ilitazamwa na watu milioni 4.85. Ya 2025, mjini Tampa, milioni 8.5, ingawa UConn walishinda kwa kishindo, 82-59, mchezo uliokwisha mapema. Nusu na zaidi ya watazamaji wa Clark waliondoka naye. Na bado waliobaki wanakaribia mara mbili ya waliokuwepo kabla.

Mimi namba hiyo ya pili inanipa furaha zaidi kuliko ile milioni 18.9. Na katika fainali ile ya Tampa, Sarah Strong wa mwaka wa kwanza alifunga 24 na kuchukua ribaundi 15. Fundisho la ribaundi la 2022 UConn walikuwa wamelielewa.

## Madina Okot

Kwa sisi wa huku kuna sababu nyingine ya kufuatilia. Madina Okot, Mkenya mwenye urefu wa karibu mita mbili, alitoka Chuo Kikuu cha Zetech hadi Mississippi State msimu wa 2024-25, kisha akahamia South Carolina, timu ile ile ya Cardoso na ribaundi 51.

Nataka watu wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar wamtazame senta kama huyu inavyostahili. Vipande vya simuni vitakuonyesha akipokea mpira na kufunga. Tafuta mchezo mzima. Angalia anapotua chini ya ringi: amefika kabla ya mlinzi au amemkuta pale? Anaponyoosha mkono kuomba mpira, kifua chake kinamwangalia mpasiaji, au amesimama ubavu? Mwenzake akipiga shuti kutoka kona, yeye anakimbilia upande upi? Senta anayejua upande wa pili wa ringi hupata mipira miwili mitatu ya bure kila mchezo, na mipira hiyo haina kipande cha video.

Saa ni kikwazo. Msimu unaanza Novemba, na mchezo wa saa moja jioni pwani ya mashariki ya Marekani unaangukia saa tisa usiku kwetu wakati wa baridi yao, saa nane wakishabadili saa Machi. Fainali zao za Jumapili mchana zina huruma zaidi. Ile ya Cleveland ilianza saa nne usiku. Lakini kama una usiku mmoja tu wa kutoa, ningekushauri uutoe kwa raundi ya pili. Timu 16 bora zinachezea raundi mbili za kwanza nyumbani kwao, kwenye kumbi za vyuo vyao, mashabiki wakiwa karibu na sakafu, na mgeni wa daraja la chini akiwa na robo nne za kunyamazisha ukumbi. Wachezaji wa akiba wanaingia mapema, waamuzi wanapiga filimbi sana, na kufikia nusu ya kwanza utakuwa umeshajua timu ipi inaweza kuendelea bila nyota wake kwa dakika nne. Hiyo ndiyo ninayoiwekea alama kwenye ratiba yangu.